Kamera moja au tatu? Anza na nywele

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kayole:

"Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni kikundi cha maigizo, tuko watu tisa, tumeigiza jukwaani kwa miaka minne. Sasa tumeandika vipindi sita vya vichekesho, kila kimoja dakika ishirini, na karibu kila kitu kinatokea ndani ya duka la kinyozi. Mwenye duka ametukubalia tulitumie. Tuna kamera moja. Rafiki yetu anayerekodi ibada anasema tukodishe mbili zaidi tupige kwa kamera tatu, tutamaliza haraka. Mwingine aliyesomea filamu anasema kamera tatu ni za mpira na habari, kazi ya maana hupigwa kwa kamera moja. Pesa yetu haina nafasi ya kukosea. Tumfuate nani?"

Dada yangu, hao rafiki zako hawapingani. Kila mmoja anakueleza kazi yake. Wa kanisani amezoea tukio lisilomsubiri mtu: mhubiri akishapaza sauti na kuinua mkono, huwezi kumwomba auinue tena ili umpate kutoka upande wa kwaya. Ndiyo maana anatega kamera kila pembe, kisha anakaa mezani na mashine ya kuchanganya picha. Aliyesomea filamu naye amefundishwa kwamba kila shoti ina lenzi yake, taa zake na mahali pake, na kwamba mwigizaji atarudia hadi itoke sawa. Kazi yenu si ibada, wala si filamu ya darasani. Ni vichekesho ndani ya duka la kinyozi, na hilo neno kinyozi ndilo litakaloamua.

Tuelewane kwanza. Kupiga kwa kamera moja ni kulivunja onyesho vipandevipande. Mnaliigiza lote kamera ikiona chumba kizima. Mnasimama. Kamera inasogezwa kwa kinyozi, taa zinarekebishwa, mnaigiza tena. Inageuzwa kwa mteja, mnaigiza tena. Halafu mkono ulioshika mashine, halafu macho ya yule anayesubiri zamu kwenye benchi. Mhariri ndiye anayeunganisha, na mtazamaji anaamini watu wawili wanajibizana ilhali uso wa huyu ulirekodiwa saa nne asubuhi na wa yule saa saba mchana. Kwa kamera nyingi, onyesho linaigizwa kwa mfululizo na kila kamera inakusanya fungu lake wakati huohuo. Picha zinaweza kuchaguliwa papo hapo, au kila kamera ikahifadhi yake na uchaguzi ukafanywa baadaye. Nyinyi, hata mtumie kamera ngapi, kila moja ihifadhi yake. Kuchagua papo hapo ni kazi ya watu waliozoeana kwa miaka, na kosa lake halifutiki.

Sasa nywele. Nilisoma barua yako nikafurahi, nikairudia, nikashtuka. Mmechagua mahali ambapo kitu kinachotazamwa kinapungua kila sekunde mbele ya kamera! Chukulia mteja ameketi, ana nywele za miezi miwili. Kinyozi anamuuliza habari za mkewe huku akipitisha mashine kutoka kipajini hadi utosini. Shoti pana mmeipata, nzuri. Sasa mnataka uso wa mteja wakati anapoulizwa swali lilelile. Nywele ziko sakafuni. Hakuna mhariri atakayezirudisha.

Wanaotumia kamera moja wana njia za kuzunguka hilo, na mzijue. Mashine inaweza kupitishwa bila kukata, upande wa kisogo usioonekana, na mlio wake ukaongezwa wakati wa kuhariri. Kunyoa kwenyewe kunagawanywa kwa hatua: mnapiga shoti zote za kichwa ambacho hakijaguswa, halafu mnanyoa robo na kupiga shoti zote za hatua hiyo, halafu nusu. Ni kazi inayotaka mtu mmoja asiye na jukumu lingine ila kutunza mwendelezo, mwenye simu ya kupigia picha kichwa, shuka na hata nywele zilizoanguka begani. Inawezekana. Lakini inakata mazungumzo yenu katika sehemu zilizochaguliwa na mashine, si na mzaha.

Hapo ndipo ninaposhikilia msimamo wangu. Nimekaa kwenye meza ya kuhariri miaka mingi hapa Nairobi, na kitu nilichoona kikipotea mara nyingi kuliko picha nzuri ni pumzi iliyo kati ya waigizaji wawili. Kichekesho kinaishi katika lile jibu linalokuja nusu sekunde kabla hujalitarajia, au katika ukimya unaorefuka kidogo mpaka mtu kwenye benchi anakohoa. Nyinyi mmetoka jukwaani; pumzi hiyo mnayo tayari, mmeijenga kwa miaka minne mbele ya watu wanaocheka. Mkiikata vipande, mwigizaji atamjibu mwenzake aliyechoka, kwa sentensi aliyoisikia mara kumi na moja tangu asubuhi. Mhariri atajaribu kuirudisha kwa mkasi. Mara nyingine ataweza.

Kwa hiyo mnakodisha kamera mbili zaidi? Hapana. Subiri nikueleze chumba.

Duka la kinyozi la kawaida mtaani ni finyu, na ukuta mmoja mzima ni kioo, wakati mwingine kuta mbili zinazotazamana. Kamera tatu katika chumba hicho maana yake ni tripodi tatu, wapigapicha watatu na nyaya zao, wote wakijaribu kutoonekana ndani ya kioo. Hawataweza. Pia ukitaka kamera moja imtazame kinyozi kutoka kushoto na nyingine imtazame mteja kutoka kulia, zitatazamana zenyewe kwa zenyewe, na taa inayompendeza mmoja itamwangazia mwenzake vibaya au itaingia kwenye picha.

Tatizo la taa ni la zamani kama kazi yenyewe. Mwaka 1951 Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, waigizaji wa Marekani, walitakiwa kutengeneza kipindi chao cha vichekesho vya televisheni, I Love Lucy, kule New York, kwa sababu vipindi vilirushwa moja kwa moja kutoka huko, na watazamaji wa mbali walipata nakala hafifu iliyopigwa kutoka kwenye skrini. Wao walitaka kubaki California. Wakaamua kuigiza mbele ya hadhira na kurekodi kwa kamera tatu za filamu kwa pamoja. Mpigapicha wao mkuu alikuwa Karl Freund, aliyekuwa mmoja wa wapigapicha wa filamu ya Metropolis kule Ujerumani. Alijua vizuri kuchora kwa kivuli, lakini hapa ilibidi ainue taa juu na kuusambaza mwanga sawasawa jukwaani, ili kamera ipate picha popote ilipo bila kusimamisha mchezo. Wakapata kicheko kisichokatika, wakakilipia kwa kivuli. Ukiona kichekesho cha studio ambapo kila kona inang'aa kama duka la vyombo, bei ndiyo hiyo. Wao walikuwa na jukwaa la kuta tatu, dari wazi na upande mzima wa kuweka kamera. Nyinyi mna mita tatu kwa nne na feni.

Nami niliwahi kuletewa tamthilia ya kuhariri, kampuni sitaitaja, iliyopigwa kwa kamera tatu ndani ya sebule ya nyumba ya kupanga South B. Kamera zilikuwa za aina tatu tofauti, kila moja imeachwa ijirekebishe rangi yenyewe. Ukuta uleule ulikuwa wa manjano kwa mama, samawati kwa baba, na kijani mtoto anapoingia. Siku walizookoa wakati wa kupiga zilimezwa zote kwenye kusahihisha rangi, tena zaidi.

Sasa rudi kwenye chumba chenu ukae kwenye kile kiti. Kinyozi na mteja wake hawatazamani uso kwa uso. Wote wawili wanatazama mbele, na macho yao yanakutana ndani ya kioo. Nyuma yao kuna benchi la wanaosubiri, nao wanatazama kulekule. Hakuna chumba kingine mtaani ambamo watu watano wanazungumza na nyuso zao zote zimeelekea upande mmoja. Mezani mmoja huipa kamera mgongo, sebuleni hukaa pembe, ndani ya matatu unaona visogo. Kwa kinyozi, ukisimama mahali pa kioo, unawaona wote.

Basi kamera ikae mahali pa kioo. Mwombe mwenye duka ruhusa ya kukitoa kwa siku za kurekodi, au ikiwa kimegandishwa ukutani, kamera zikipe mgongo na kisiingie kabisa kwenye picha. Zitoshe kamera mbili, bega kwa bega, zikitazama upande uleule. Moja iwe na lenzi pana, kama milimita 35, ya kuwashika kinyozi, mteja na benchi. Nyingine iwe na lenzi ndefu, milimita 85 ikiwa chumba kinaruhusu au 50 kikibana, imshike anayezungumza kifua hadi kichwa. Kwa kuwa zote zinatoka upande mmoja, taa ni moja, vivuli vinafanana, na ule mstari wa kuwaziwa kati ya wazungumzaji, ambao kamera ikiuvuka watu wanaonekana kugeukia upande usio wao, hamtauvuka kamwe.

Mkodishe moja tu, basi, na iwe ya aina ileile ya hiyo mliyo nayo. Mkishindwa kupata ya aina hiyo, itoke angalau kampuni ileile. Zote ziwekwe fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za bei nafuu humetameta kufuata umeme. Shata isiyolingana na umeme huo inaweza kuwachorea mistari inayotembea ukutani. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe. Wekeni karatasi nyeupe mahali pa kichwa cha mteja, kila kamera isawazishwe rangi kwa karatasi hiyohiyo. Zile taa za rangi ambazo vinyozi wanapenda kuzungusha kwenye dari zizimwe, hata kama mwenye duka anazionea fahari.

Kuna jambo moja ambalo waigizaji wa jukwaani litawasumbua. Wanapaswa kutazamana kwenye kioo ambacho hakipo. Bandikeni vipande viwili vya utepe kando ya lenzi, kimoja cha kinyozi cha kumwonea mteja, kingine cha mteja cha kumwonea kinyozi, kila kimoja kimewekwa pale ambapo uso wa mwenzake ungeonekana. Mfanye mazoezi na kioo kwanza ili mjue macho yanaanguka wapi, ndipo mkitoe. Wasitazame ndani ya lenzi yenyewe. Mtazamaji hatajua kwa nini anahisi amekatishwa, lakini atahisi.

Halafu katika kila kipindi pigeni shoti moja au mbili kwa kamera moja kioo kikiwa mahali pake, kutoka nyuma ya bega la kinyozi, ili mtu nyumbani aamini kwamba kioo kipo. Hapo kamera itajiona. Kiegemezeni kioo kwa kipande cha mbao upande mmoja, digrii chache tu, mpaka mpigapicha atoweke. Pasipowezekana, mnayo dawa ukutani: lile bango la mitindo ya nywele yenye namba. Libandikeni juu ya sehemu ya kioo inayowaonyesha.

Onyesho la kunyoa kweli lifanyweje? Mazoezi mengi, nywele zikiwa bado kichwani, mashine imezimwa. Kila mtu ajue kwamba kwenye neno fulani mashine inafika utosini, na kwenye neno fulani inasimama hewani kwa mshtuko. Siku yenyewe kamera mbili zinawashwa, kibao cha filamu (vile vipande viwili vya mbao vinavyogonganishwa) kinapigwa kimoja mbele ya lenzi zote mbili, na mnaigiza mara moja tu. Kibao hicho ndicho mhariri atakachotumia kulinganisha picha na sauti, na onyesho likiwa refu kipigeni tena mwishoni, maana kamera ndogo huweza kupishana taratibu. Mwigizaji mwingine mwenye nywele za urefu uleule awepo kama akiba. Kama hayupo, basi kunyoa kuwe kitu cha mwisho kupigwa siku hiyo, baada ya kila shoti inayohitaji kichwa chenye nywele.

Fundi wa sauti atawalaumu kuhusu hizi kamera mbili, na atakuwa na haki. Lenzi pana inamfukuza na maiki yake ya fimbo mpaka darini, wakati lenzi ndefu inaonyesha uso wa karibu. Sikio linataka sauti ya karibu, na yeye yuko mbali. Tumieni maiki ndogo za kuvalia. Ya mteja isikae chini ya lile shuka, itakwaruza kila akipumua; bora ifichwe kwenye ukosi wa koti la kinyozi, ambaye kichwa chake kiko karibu vya kutosha. Mashine ingurume kati ya sentensi na sentensi, si juu ya maneno, na mrekodi dakika moja ya mngurumo wake pekee na dakika moja ya ukimya wa chumba. Kuhusu matatu na bodaboda za nje, hapa kamera mbili zinawasaidia: honi ikilia, imelia kwenye picha zote mbili kwa wakati mmoja, na mhariri akikata kutoka pana kwenda karibu, honi inaendelea kama inavyoendelea mtaani. Kwa kamera moja honi hiyo ingekatika katikati, mtazamaji akajua amedanganywa.

Mlango wa duka utakuwa nyuma ya benchi, ndani ya picha. Saa sita mchana, jua la Nairobi likiwa karibu utosini, barabara nje itaungua nyeupe na waliokaa kwenye benchi watageuka vivuli. Tundikeni pazia jepesi mlangoni, lile la kamba au la kitambaa, kama maduka mengi yalivyo nalo. Kama mnaweza kuchagua mwezi, chagueni Julai. Lile wingu la kijivu tunalolilalamikia kwa baridi yake ni taa kubwa ya bure inayokaa siku nzima bila kusogea.

Maonyesho ya nje ya duka, kimbizaneni nayo kwa kamera moja. Kinyozi anamfukuza mdeni wake kati ya vibanda. Hapo kamera ya pili itaingia kwenye picha ya kwanza, na watazamaji wa barabarani watakuwa wamezingira zote mbili. Huku ushauri wa rafiki yako wa filamu ufuatwe wote. Ila chungeni jua: sisi tuko digrii moja tu kusini mwa ikweta, giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na jioni yetu ni fupi mno. Uso wa mfukuzaji ukipigwa saa tisa na wa mdeni saa kumi na mbili, hawatakuwa siku moja.

Kuhusu muda, hesabu yangu ni hii. Ukurasa wa mswada ni kama dakika moja, kwa hiyo mna kurasa 120. Kikundi chenu kikipiga kwa kamera moja, sitarajii zaidi ya kurasa 5 kwa siku, yaani siku 24. Kwa kamera mbili na mazoezi ya kutosha mtafika 8, yaani siku 15. Zile siku tisa msizihesabu kama faida tupu, kwa sababu mtazirudisha karibu zote kwenye mazoezi, na mazoezi lazima yawe ndani ya duka lenyewe. Lakini siku ya mazoezi haikodishi kamera wala taa. Hapo ndipo pesa yenu inaokoka.

Msisahau diski. Kamera inayohifadhi megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikikimbia saa mbili kila siku ni gigabaiti 180, na kila kitu kinakiliwe mara mbili kabla kadi haijafutwa, kwa hiyo 360 kwa siku. Nakala moja ilale kwa mwongozaji, nyingine kwa mtu mwingine, nyumba tofauti.

Na kabla hujamwita mtu yeyote, chora kalenda ya vichwa. Mtapenda kupiga maonyesho yote ya duka ya vipindi sita kwa pamoja, na mko sahihi, lakini mwigizaji anayenyolewa kipindi cha pili hawezi kuwa na nywele kipindi cha kwanza kikipigwa wiki inayofuata. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Panga siku kwa kufuata vichwa kwanza, ndipo ufuate mswada.

Jumatatu asubuhi duka likiwa halina wateja wengi, nendeni na kamera yenu na simu moja, muweke zote mahali pa kioo, mwigize kurasa mbili bila kusimama. Ziunganisheni jioni hiyohiyo. Kisha niandikie unieleze kama kile chumba kiliwatosha, na benchi lilionekana hadi mtu wa ngapi; ikiwa wa mwisho amekatwa, tutazungumza kuhusu lenzi kabla hujalipa ya kukodi.